Nimenunua gari lililoinuliwa, mkaguzi amelikataa. Nivue kila kitu?

Shikamoo Mjomba,

Nilinunua mkononi pikapu ya dizeli ya milango minne, 4x4, kwa mtu aliyekuwa akizunguka nayo porini. Nilipenda ilivyosimama, basi nikalipa bila maswali mengi. Springi zimeinuliwa karibu sentimita 10, na pua iko juu kuliko mkia. Imevaa matairi ya matope ya 285/75R16, wakati kibandiko cha mlangoni kinasema tairi kubwa kuliko yote ni 265/70R16. Rimu zimesogezwa nje kwa spesa (vipande vya chuma vinavyowekwa nyuma ya rimu), kwa hiyo matairi yanachungulia nje ya bodi kiasi cha vidole viwili. Mbele kuna ngao ya chuma na winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba), na kulabu ya winchi inafunika tarakimu moja ya namba ya gari. Juu kuna keria, hema la kukunja na mkanda mrefu wa taa za LED. Pembeni snorkeli (bomba la kuingizia injini hewa kutoka juu). Balbu za halojeni kwenye taa kubwa zimetolewa zikawekwa za LED. Juzi fundi kaniambia kichujio cha masizi kwenye ekzosi nacho kimekatwa, limebaki bomba tupu.

Trafiki alishanisimamisha usiku akalalamikia taa, akaniacha na onyo. Nimelipeleka ukaguzi likakataliwa, na karatasi ya makosa ni ndefu. Nikampigia aliyeniuzia, akanijibu: "Vitu vyote hivyo vinauzwa wazi madukani. Vingekuwa haramu vingeuzwa?" Shemeji yangu naye anasema nisihangaike: nivue vitu vikubwa, nipite ukaguzi, jioni nirudishe.

Mjomba, sitaki maonyesho. Nafanya kazi sehemu zenye njia mbovu na gari hili linanisaidia kweli. Lakini siku tano kati ya saba niko kwenye lami. Je, nivue kila kitu? Bima itanilipa likitokea la kutokea? Na mwaka huu nilitaka kuvuka nalo mpaka.

Mimi mpwa wako,
Mwenye Gari Refu

*

Marahaba mpwa wangu.

Usivue kila kitu. Ila ushauri wa shemeji weka kando kabisa, na nitakwambia kwa nini tukifika kwenye bima.

Kwanza tummalize aliyekuuzia. Hoja yake ni maarufu na ni mbovu. Sheria za barabarani hazisimamii rafu za duka, zinasimamia gari likiwa barabarani. Chukua boksi la taa yoyote ya bei poa ulisome upande wenye maandishi madogo: mara nyingi utakuta imeandikwa ni kwa matumizi ya nje ya barabara tu. Hapo mtengenezaji ameshajitoa, na mzigo umebaki kwa anayeshika usukani. Shambani kwako au kwenye uwanja wa mashindano, washa taa kumi ukitaka. Ukikanyaga lami, gari linapimwa kama magari mengine.

Pili, usiniulize "sheria inaruhusu sentimita ngapi" kana kwamba dunia nzima ina jibu moja. Spesa ni mfano mzuri. Ujerumani unaweza kuzifunga kihalali ukiwa na cheti cha kitaalamu cha spesa hizo kwa gari la aina yako, kisha mkaguzi akathibitisha zimefungwa sawasawa. Australia, kanuni zao za marekebisho ya magari, VSB 14, zinazikataza isipokuwa gari lilitoka nazo kiwandani. Japani wana vipimo vya kutazama karatasi: gari dogo la kawaida likitofautiana na kimo kilichoandikwa kwa zaidi ya sentimita 4, au upana kwa zaidi ya sentimita 2, linaweza kuhitaji kusajiliwa upya kwa vipimo vyake vipya, ingawa kwa sehemu zilizoorodheshwa rasmi wanalegeza. Marekani kila jimbo lina lake. Tafuta kanuni za muundo wa magari na mwongozo wa ukaguzi wa nchi ulikosajili gari, usome sura za taa, matairi, springi na vipimo. Wala si nyingi.

Sasa tuingie kwenye gari lako, nikianza na taa, maana hizo ndizo zinazoweza kumuumiza mtu leo usiku.

Unasema pua iko juu. Tuseme mbele imeinuka sentimita 5 zaidi ya nyuma, na kati ya ekseli na ekseli ni mita 3 hivi. Hiyo ni asilimia 1.67 kwenda juu. Taa ndogo (mwanga wa kupishana) kiwandani hulengwa chini kidogo, kwa kawaida asilimia 1 au zaidi kidogo, na magari mengi yana kibandiko chenye namba hiyo chini ya boneti au karibu na taa. Toa hesabu: mwanga uliopaswa kuwa sentimita 50 chini ya kimo cha taa ukifika mita 50 mbele, sasa uko sentimita 33 juu yake. Kwa pikapu iliyoinuliwa hapo ni usoni kwa dereva wa gari dogo. Trafiki hakukuonea.

Pima mwenyewe kabla ya kulipa mtu. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa. Washa taa ndogo. Kama lengo ni asilimia 1, mstari unaotenganisha mwanga na giza unapaswa kuwa sentimita 10 chini ya alama. Ukiuona juu ya alama, skrubu ya kurekebisha ipo nyuma ya taa. Na kama huoni mstari wowote, unaona wingu la mwanga tu, basi shida ni hizo balbu.

Kioo cha ndani ya taa ya halojeni kimechorwa kufuata mahali hasa uzi wa balbu unapowakia. Ukiweka LED ambayo chanzo chake cha mwanga kimekaa kwingine hata kwa milimita chache, mwanga unatawanyika: wewe unaona kweupe karibu na boneti ukadhani umepata, mwenzako anapofuka. Si kwamba LED ni haramu kwa asili yake. Ujerumani tangu 2020 imeidhinisha balbu fulani za LED kuwekwa kwenye taa za halojeni, lakini kwa magari na taa zilizotajwa kwa majina, na dereva anatakiwa awe na hati. Zako hazina hati. Rudisha halojeni nzuri, mpya, zote mbili kwa pamoja.

Mkanda wa juu unaweza kubaki. Tazama kwanza kama una herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Hiyo ni alama ya kuidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa, na namba inataja nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi. Nchi zinazofuata kanuni hizo huhesabu nguvu ya taa zote kubwa (zile za mwanga wa mbali) kwa pamoja. Kila taa iliyoidhinishwa imechapwa namba yake ya nguvu, kwa mfano 17.5 au 37.5, na jumla ya zote zinazoweza kuwaka pamoja isizidi 100. Tena lazima zizimike zenyewe ukirudi kwenye taa ndogo, kwa hiyo waya wa mkanda upite kwenye taa kubwa, usiwe na swichi yake pekee kama kengele ya mlango. Mkanda usio na alama uhesabu kuwa ni taa ya kazi ya porini. California, kwa mfano, inaruhusu taa za juu ya paa za kutumia nje ya barabara, zisizidi 8, ila ukiwa barabarani lazima zifunikwe kwa kitu kisichopitisha mwanga. Nunua mifuniko, ifunge, iwe mazoea hata pale ambapo sheria haikulazimishi. Mkaguzi akiona mkanda umefunikwa, anaona mtu anayejua anachofanya.

Matairi sasa. Hapa watu hubishana sana bila kupiga hesabu, nami hesabu naipenda. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. Lako la 285/75R16 lina 834. Tofauti ni milimita 56 na ushee, sawa na asilimia 7.3. Spidomita inahesabu mizunguko, haijui tairi limekua: kama ilikuwa sahihi kabisa, ikikuonyesha 100 wewe uko 107. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya spidomita, namba 39, hairuhusu kamwe ionyeshe chini ya mwendo halisi. Inaruhusu izidishe kidogo, na ndiyo maana spidomita nyingi za kiwandani hudanganya kwa upande wa usalama. Kwa tairi la 265/75R16, ambalo limezidi kwa asilimia 3.4 tu, mara nyingi ule udanganyifu unatosha kukufunika. Kwa lako sidhani, lazima spidomita irekebishwe. Pima kwa GPS kwenye barabara iliyonyooka, abiria akisoma namba, si wewe.

Breki nazo zinaguswa. Ukikanyaga kwa nguvu ileile, tairi kubwa linashika barabara kwa nguvu pungufu, hapa kama asilimia 7, kwa sababu mkono wa nguvu umerefuka na diski ni zilezile. Australia wanaruhusu gari la 4x4 kuvaa tairi lililozidi kwa milimita 50 lile kubwa la kiwandani. Lako lingewashinda kwa milimita 6. Nakushauri ushuke hadi 265/75R16 ya matope. Utapoteza sentimita moja na nusu ya kimo chini ya ekseli, na utapata breki, gia na dizeli yako. Ukinunua, angalia pia namba ya mzigo ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 116 ni kilo 1,250. Isiwe chini ya iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Spesa zitoke. Zinaongeza mzigo kwenye beringi, na ndizo zilizokutolea matairi nje. Ulaya sheria inataka kikinga-matope kifunike tairi kwa juu kuanzia nyuzi 30 mbele ya katikati ya gurudumu hadi nyuzi 50 nyuma yake. Sababu ni jiwe. Likirushwa na tairi lililo wazi linakwenda moja kwa moja kwenye kioo cha anayekufuata. Kama bila spesa matairi bado yanachungulia, funga vikinga vya plastiki vilivyoshikiliwa kwa boliti, si gundi.

Springi usizivue kwa pupa. Sentimita 10 ni nyingi, nisingezifunga mimi, lakini hukumu yake ni ya mhandisi anayetambuliwa na wakaguzi wa kwenu, si ya fundi wa mtaani wala yangu. Kabla ya kwenda kwake, ingia chini ya gari ukiwa na tochi, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, na jeki ikiwa imenyanyua fremu magurudumu yakaning'inia (weka stendi, tafadhali, jeki si ya kulalia chini yake). Tazama mipira ya breki. Ikiwa imenyooka kama kamba ya nguo, ni mifupi. Tazama joint za ekseli za mbele kama buti zake (mipira inayozifunika) zimechanika kwa kukunjwa pembe kali. Kisha kamwulize mwenye mashine ya alaimenti (ya kunyoosha magurudumu) akuchapie vipimo vya kabla na baada. Gari lililoinuliwa likiwa halirudishi usukani katikati lenyewe, hapo kuna kazi. Na kama lina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza, ule mfumo ulifundishwa kimo cha kiwandani. Mwombe mhandisi aandike kama aliujaribu. Ukishusha mbele ikalingana na nyuma, umeshapunguza nusu ya matatizo, zikiwemo taa. Pua juu mkia chini haina kazi yoyote porini. Ni urembo tu, na North Carolina waliupiga marufuku kuanzia Desemba 2021 tofauti ikifika inchi 4.

Ngao ya mbele inawagawa watu. India iliagiza majimbo yake yazikomeshe Desemba 2017, na Umoja wa Ulaya tangu agizo lake la 2005 hautaki ngao iliyouzwa bila kujaribiwa kwa usalama wa waenda kwa miguu. Kwingine ni ruksa mradi haina kingo kali na haizibi taa wala namba. Ukikuta kwenu ni ruksa, uliza jambo moja zaidi: ngao hii ilitengenezwa kwa gari lenye mifuko ya hewa? Chuma kilichochomelewa moja kwa moja kwenye fremu kinaweza kubadili namna gari linavyojikunja likigonga, na vihisio vya mifuko husubiri mjikunjo fulani. Kibao cha mtengenezaji kikikosekana, mimi ningeitoa. Ikiwa nacho, iache, na uhamishe namba ya gari mahali panaposomeka. Kulabu ya winchi ifungwe kwa ndani.

Uzito wake usiupuuze. Ngao kilo 60 na winchi 35 ni kilo 95, lakini ekseli ya mbele haihisi 95. Vitu hivyo vinaning'inia mbele yake, tuseme sentimita 90, kwa hiyo vinaibebesha kilo 123 na vinainyanyua ya nyuma kwa kilo 28. Juu unayo keria na hema, na magari mengi ya aina hii paa lake linaruhusiwa kilo 75 hadi 100 gari likitembea, keria yenyewe ikiwa ndani ya hesabu. Lipeleke kwenye mizani ya malori ukiwa na tangi limejaa, watu wote ndani na mizigo yako ya safari. Pima ekseli moja moja. Linganisha na kibao cha mtengenezaji. Kuzidi uzito kwenye kibao ni kosa hata kama kila kitu kingine kina cheti.

Snorkeli haina neno, mradi haikuzibii kioo na haina ncha kali.

Ekzosi haina mjadala. Kichujio kirudi. Marekani sheria ya hewa safi inakataza kung'oa vifaa vya kudhibiti moshi, Uingereza tangu Februari 2014 gari la dizeli lililotoka kiwandani na kichujio likikutwa halina linafeli ukaguzi papo hapo. Kisingizio cha porini hakisaidii hapa, maana gari lilisajiliwa nacho. Tena fundi akirudisha, hakikisha na programu ya injini imerudishwa ya asili. Waliokikata waliidanganya kompyuta isikitafute.

Bima. Kampuni ilikukatia bima ya gari lililo kwenye karatasi: springi za kawaida, matairi ya kawaida, hakuna ngao. Hukulibadilisha wewe, najua, lakini ulipojaza fomu uliulizwa kama lina marekebisho, na "sijui" haikuwa mojawapo ya majibu. Waandikie leo, kabla ya ajali, uorodheshe kila kitu kilichopo na unachokusudia kuondoa, ukiambatanisha picha. Watapandisha ada kidogo au watakataa kitu fulani, na majibu yao utayaweka pamoja na hati ya mhandisi. Sasa fikiria mpango wa shemeji: umevua, umepita, jioni umerudisha. Baada ya mwezi umegonga mtu. Mpelelezi ana karatasi ya ukaguzi inayosema tairi la 265, na ana gari lenye 285. Kabla hapo ungeweza kusema ulinunua bila kujua. Baada ya hapo umetia sahihi mwenyewe kwamba ulijua.

Safari ya kuvuka mpaka iache kwanza. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani una kiambatisho cha 5 chenye masharti ya kiufundi kwa magari yanayovuka nchi, breki na taa zikiwemo, na askari wa upande wa pili hatakuwa na subira ya kusikiliza historia ya aliyekuuzia. Ukiwa na cheti kipya cha ukaguzi, hati ya mhandisi, barua ya bima na karatasi za gari zilizosahihishwa, utavuka. Chapa nakala mbili, moja ikae garini.

Kama fedha hazitoshi kufanya yote kwa mkupuo, anza na balbu, mlengo wa taa, namba ya gari na spesa. Hizo ni kazi za asubuhi moja. Kichujio na matairi vifuate. Mhandisi muone baada ya matairi mapya, si kabla, maana vipimo vyake vitabadilika. Na spesa zikishatoka usimuuzie mwingine.

Mjomba wako